Fonti zimebadilika na picha zimetoka na ukungu kwenye kijitabu cha kwaya, nakala 500, kosa liko wapi?

Kalamu_Mwanza

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hapa nilipo hii ni siku ya pili silali. Nilipewa kazi na kwaya moja ya kanisa huku Mwanza, wanatimiza miaka 25, wakataka kijitabu cha A5 kurasa 32 chenye historia yao, picha za tangu walipoanza mwaka 2000 na maneno ya nyimbo 18. Nikadisaini kwenye Illustrator, wiki tatu tunaenda tunarudi, mwenyekiti akaona kwenye laptopu yangu akaridhika kabisa. Tukakubaliana tuchape Dar, nakala 500. Faili nikalituma kwa imeili, picha nikawatumia kwa WhatsApp maana folda lilikuwa zito na bando lilikuwa linaisha.

Mzigo umefika jana kwa basi. Nimefungua boksi la kwanza nikakaa chini. Vichwa vya nyimbo vyote nilivyoviweka kwa fonti ya mwandiko wa mkono vimetoka kwa fonti nyingine kabisa, imenyooka kama barua ya ofisi, na kwa kuwa ni pana kuliko ile ya kwangu vichwa vimeshuka mstari wa pili, maneno yote ya chini yamesukumwa, nyimbo 4 ubeti wa mwisho haupo. Picha ya kwaya nzima ya kurasa za katikati ina ukungu, waliosimama mstari wa nyuma huwezi kuwatambua. Sare zao za bluu zimekuwa zambarau. Maandishi madogo yana kivuli chekundu pembeni, ukiyasoma macho yanauma. Na jalada upande wa kulia lina mstari mweupe kama milimita 1 hivi kutoka juu mpaka chini.

Nimepiga simu kiwandani wanasema tumechapa ulichotuletea. Kwaya hawataki kupokea, na mhazini wao ni mama mmoja aliyekuwa anapita kwa wanakwaya baada ya mazoezi kukusanya michango elfu mbili mbili, nikimfikiria yule mama naumia sana. Nilichokuja kuuliza ni hiki, kila kosa kati ya hayo limetokea wapi, kwa sababu tarehe 20 natakiwa kupeleka tena kalenda ya shule na sitaki kurudia. Natanguliza shukrani.

disaina_ubungo

Pole sana mkuu. Hapo hukukonvati maandishi. Siku zote kabla hujatuma seleki yote halafu Ctrl+Shift+O, kwa Corel ni Ctrl+Q, maandishi yanakuwa michoro hakuna fonti ya kubadilika tena. Picha nazo ungebadilisha tu kwenye Photoshop kutoka pikseli 72 kwa inchi kwenda 300 zingetoka safi.

Fundi_Pleti

Kijana wangu wa Mwanza pole kwa hasara, na pole zaidi kwa yule mama mhazini. Mimi nipo upande wa pili wa hii kazi, miaka 22 nakaa chumba cha kabla ya mashine, ndiye ninayefungua mafaili yenu na kutoa pleti, yale mabamba ya kuchapia yanayowekwa kwenye mashine, kwa hiyo ulichokieleza nimekiona mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani. Nitakueleza moja moja ila kwanza nimrekebishe kidogo disaina_ubungo maana ushauri wake nusu ni dawa nusu ni sumu.

Kuandika 300 kwenye kisanduku cha Photoshop hakuongezi kitu chochote kwenye picha. Picha ina idadi yake ya pikseli, zile nukta zinazoiunda, basi. Kama ina pikseli 800 kwa upana ukaiambia iwe 300 na ile alama ya Resample umeiacha imewashwa, programu inabuni pikseli za katikati kwa kukisia, faili linakuwa zito lakini sura ya mtu inabaki na ukungu uleule, sanasana ukungu unakuwa laini zaidi. Ukiizima ile alama ndipo unaona ukweli, upana unajipunguza wenyewe mpaka sentimita 6 na kidogo, na hapo picha inakwambia mimi uwezo wangu unaishia hapa. Picha ya kuchapa inapimwa kwa ukubwa itakaokaa kwenye karatasi, ule inaoonekana kwenye skrini hauna maana kwetu.

Sasa nijibu hili kwanza kabla sijaendelea: ile picha ya kwaya nzima original yake unayo? Ina pikseli ngapi? Na faili ulilotuma ni la .ai lenyewe, yaani faili la kazi la Illustrator, au PDF?

Kalamu_Mwanza

Shikamoo mzee. Nilituma .ai lenyewe. Fonti sikuweka, kwa kweli sikujua kama inatakiwa, nilidhani fonti inakaa ndani ya faili. Picha ya kwaya niliipiga mwenyewe kwa simu, nimeangalia sasa hivi ni 4000 kwa 3000. Kwenye simu ukiivuta unaona mpaka vifungo vya mashati.

Fundi_Pleti

Marahaba. Basi kesi ya picha tumeshaimaliza, angalia.

Ile picha imekaa kurasa mbili za A5 zilizofunguliwa, yaani upana wa A4 iliyolala, milimita 297, weka na blidi, ile ziada inayopita mstari wa kukata, milimita 3 kila upande inakuwa 303, hiyo ni kama inchi 12. Gawa pikseli 4000 kwa inchi 12 unapata 333. Sisi tunataka 300. Picha yako ilikuwa inatosha na chenji inabaki! Ila ulipoituma kwa WhatsApp kama picha, WhatsApp inaibana, upande mrefu unashuka mpaka kama pikseli 1600. Gawa 1600 kwa 12, unapata 133. Chini ya nusu ya kinachotakiwa. Jamaa wa kiwandani walipofungua .ai lako programu ikawaambia picha hazionekani zilipo, wakazitafuta, wakakuta zile za WhatsApp zina majina yanayofanana fanana, wakaziunganisha hizo. Wewe kwenye laptopu ulikuwa unaangalia picha nzuri, wao wakachapa nyingine, na hakuna aliyedanganya mwenzake. Hapo nao wana lao, mtu wa pleti akiona 133 kwenye picha ya kurasa mbili anatakiwa anyanyue simu, mimi ningekupigia.

WhatsApp siikatazi, itume kama dokumenti, hapo inafika vilevile ilivyo. Au fleshi kwenye bahasha kwa basi, wapo wateja wangu wa mikoani wanafanya hivyo mpaka leo na hawajawahi kujuta.

Zile picha za zamani za 2000 ni habari nyingine. Hizo najua umezipata kwenye grupu la kwaya zimeshasambazwa mara tano. Tafuta mwenye albamu, omba ile picha ya karatasi, iskani. Picha ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa 600 unapata pikseli 2400 kwa 3600, maana yake unaweza kuikuza mara mbili na bado inabaki 300. Kabla ya kuskani futa kioo cha skana kwa kitambaa laini, nywele moja tu kwenye kioo unaiona kwenye nakala zote 500.

Fonti. Ulidhani inakaa ndani ya faili, wengi wanadhani hivyo. Faili la .ai linabeba jina la fonti tu, linasema hapa weka fonti fulani ukubwa fulani. Kompyuta yangu isipokuwa na fonti hiyo inaweka nyingine. Ndiyo maana ubeti ulipotea, fonti ya pili ni pana, kisanduku cha maandishi kikajaa, kilichozidi kikajificha. Pembeni ya kisanduku kama hicho kunakuwa na kialama chekundu cha kujumlisha, kidogo sana, ukikiona ujue kuna maneno yamebaki nje.

Njia ziko mbili na zote ni halali. Ya kwanza ndiyo ya disaina_ubungo, kukonvati kuwa michoro. Kwa kadi, logo, jalada, benaa, fanya hivyo bila wasiwasi. Lakini kwa kitabu mimi sipendi. Herufi ndogo zikishakuwa michoro zinanenepa kidogo zikichapwa, na mwenyekiti akikumbuka usiku kwamba jina la mwalimu wa kwaya limekosewa huwezi kurekebisha herufi moja, inabidi uanze kwenye faili la zamani, na Mungu akusaidie uwe umelihifadhi. Kwa kitabu toa PDF yenye fonti zilizozamishwa ndani yake. Wakati wa kuhifadhi chagua PDF/X-1a, hiyo ni ya kiwandani kabisa, hairuhusu fonti kubaki nje na hairuhusu rangi za skrini, RGB, kupita. PDF/X-4 ni mpya zaidi, inabeba vivuli na uwazi bila kuvibana, lakini uliza kwanza kiwanda chako mitambo yao inaipokea vizuri au la, sisi hapa mashine moja inaipokea na nyingine ya zamani inaleta ubishi.

Ukishaitoa usiiamini, ifungue kwa Acrobat Reader, bonyeza Ctrl+D, nenda palipoandikwa Fonts. Kila jina la fonti lazima mbele yake kuwe na neno Embedded au Embedded Subset. Jina likikaa peke yake bila hilo neno, fonti hiyo haimo. Sekunde 10 tu, nyimbo zako 4 zingepona.

Na kama lazima utume faili la kazi lenyewe, kuna amri ya Package kwenye menyu ya File, ipo Illustrator na InDesign, inakusanya faili na picha na fonti kwenye folda moja. Tuma folda zima.

Nafunga kwa leo mashine inaniita, rangi na ule mstari mweupe nitarudi.

disaina_ubungo

Mzee nimekusoma, hiyo ya Resample nilikuwa sijui aisee na nimefanya hivyo miaka yote. Ila swali, fonti nyingine zinagoma kuingia kwenye PDF, unapewa onyo. Hiyo ni nini?

printa_wa_river_road

Wadau salamu kutoka Nairobi. Nimjibu huyo wa Ubungo: fonti zingine mwenyewe ameziwekea kizuizi, leseni yake hairuhusu kuzamishwa kwa PDF. Zingine ni zile za bure za kutumia nyumbani tu, ukiziweka kwa kazi ya kulipwa uko na makosa. Na kama una zile za zamani za Type 1, za miaka ya tisini, Adobe waliacha kuzisapoti kabisa Januari 2023, kwa hivyo faili la zamani ukilifungua leo unashangaa fonti imeenda wapi na jana ilikuwa hapo. Tafuta toleo la OpenType la hiyo fonti.

Sasa niwaambie ile inatusumbua sisi huku. Kazi yetu kubwa ni zile programu za mazishi, kijitabu cha kurasa 8 ama 16 chenye historia ya marehemu. Familia inakuja Alhamisi jioni, mazishi Jumamosi, picha zote ziko kwa simu ya mtu mmoja. Sasa nyimbo ni za Kikuyu, na Kikuyu iko na ĩ na ũ. Mtu anachagua fonti ya kupendeza ya kichwa, anaandika, hiyo fonti haina ĩ wala ũ. Programu inafanya moja kati ya mambo mawili, inaweka kiboksi kitupu, ama inaazima hizo herufi mbili kutoka fonti nyingine, unaona jina la mama ya mtu limeandikwa kwa fonti mbili, herufi moja imenona na zingine nyembamba. Nimewahi kuona mtoto wa marehemu anasimama pale dukani amelishika lile jalada, anapitisha kidole juu ya jina la mamake, anasema hapa si sawa. Hakuwa amekasirika. Tulilirudia lote usiku huo, na tangu siku hiyo kitu ya kwanza naandika ni majina yote ya familia kwa fonti ile nimechagua, kabla sijaweka picha hata moja. Fonti ikikosa herufi naitupa hapo hapo.

Hata kwa Kiswahili angalia ile alama ya ng'. Programu ikiona alama hiyo inaweza kuigeuza iwe kama ya kufungua nukuu, inaangalia upande mbaya. Kwa ng'ombe katikati ya sentensi mara nyingi iko sawa, lakini nimeona imepinduka mtu akikopi kutoka Word ama kutoka meseji ya simu. Kwa maandishi madogo hakuna mtu ataona, kwa kichwa cha pointi 40 kila mtu ataona.

Fundi_Pleti

Umenena ndugu yangu wa Nairobi, jina la marehemu halina prufu ya pili, yaani nakala ya majaribio.

Naendelea pale nilipoacha. Kalamu, faili lako nabashiri lilikuwa RGB. Ukifungua ukurasa mpya kwenye Illustrator ukachagua upande wa Web linaanza hivyo. Skrini inatengeneza rangi kwa taa tatu, mashine inatengeneza kwa wino nne, sayani (bluu ya angani), majenta (nyekundu ya waridi), njano na nyeusi, ndiyo CMYK, na kila wino una pleti yake. Nyeusi ya RGB ikigeuzwa kuwa CMYK haiwi nyeusi moja, inagawanyika kwenye pleti zote nne, mfano wa kawaida ni 75, 68, 67 na 90. Jumlisha, wino asilimia 300 kwenye kiherufi cha pointi 8. Pleti nne zikipishana hata unene wa uzi herufi inapata kivuli, na ndicho ulichokiona, ile nyekundu pembeni ni majenta inachungulia. Maandishi ya kusoma yawe nyeusi peke yake, K 100 na nyingine zote 0. Hapo pleti ni moja, hakuna cha kupishana nacho. Nyeusi nzito ya wino nne weka kwenye eneo pana tu, mfano jalada lote jeusi, 60, 40, 40 na 100 inatosha na karatasi inakauka kwa wakati.

Kuna kitu kidogo kinaua watu kimya kimya, overprint. Maandishi meusi juu ya rangi ni vizuri yawe overprint, wino mweusi unachapwa juu bila kutoboa rangi ya chini. Lakini mtu anakopi kisanduku cheusi, anakibadilisha kuwa cheupe, ile alama inabaki imewashwa. Cheupe hakina wino, kwa hiyo kwenye pleti maandishi yanatoweka yote, na kwenye skrini ulikuwa unayaona. Mwaka juzi nililikamata jambo hili kwenye jina la bwana harusi.

Bluu ya sare kuwa zambarau: bluu kali ya skrini mashine haiwezi kuifikia, ikigeuzwa majenta inakaribia sayani na zambarau ndiyo inayozaliwa. Shika kipimo hiki, majenta iwe chini ya sayani kwa angalau 30. Sayani 100 na majenta 70 bado ni bluu, ukipandisha majenta mpaka 90 umeshaingia zambarau. Kwenye picha fungua Photoshop, igeuze kuwa CMYK wewe mwenyewe kabla ya kuileta, gusa rangi za bluu peke yake punguza majenta. Usituachie sisi tugeuze, tukigeuza kwa mkupuo hatujui sare ya kwaya yako ina rangi gani.

Na ukiwa hapo hapo angalia sura za watu. Wino ukigusa karatasi unatanuka kidogo, kwenye karatasi ya bondi unatanuka zaidi kuliko kwenye art paper, ile ya kuteleza, kwa hiyo kila kitu kinatoka cheusi zaidi ya ulivyokiona, na skrini ya laptopu inawaka taa inakudanganya. Sisi ngozi zetu zikishaongezewa kiza hicho mtu anapotea, unabaki na meno na kola ya shati. Inua mwanga wa katikati kidogo kwenye sura kabla ya kugeuza, usiguse nyeusi kabisa wala nyeupe kabisa, ya katikati tu. Nimeona picha nyingi za kwaya na za mahafali zimeharibika hivyo na watu wakasema ni kamera, kamera haikuwa na kosa.

Mstari mweupe wa jalada ni blidi. Gilotini inakata rundo zima kwa pamoja, rundo linaweza kusogea nusu milimita au moja. Rangi yako ikiishia pale pale kwenye mkato basi upande mmoja utabaki mweupe. Ipeleke rangi milimita 3 nje ya mkato pande zote, A5 inakuwa 154 kwa 216. Na maandishi yasikaribie mkato, acha milimita 5 ndani.

Nafurahi ile picha kubwa uliiweka kurasa za 16 na 17, hizo ndizo za katikati ya kijitabu cha kurasa 32 cha kupigwa pini, zipo kwenye karatasi moja kwa hiyo nusu mbili zinakutana. Ungeiweka 10 na 11 zingekuwa karatasi mbili tofauti na bega la mtu lingepishana.

mpwani_unguja

Assalaam alaykum. Nimesoma yote, mzee Allah akujaalie kheri. Mimi niko Unguja nafanya kadi za harusi na za hitma, na juu kunakuwa na Bismillah na mara nyingi aya moja kwa herufi za Kiarabu. Naongeza hili kwa sababu naliona mpaka leo mitaani na linaniuma: mtu anakopi aya kutoka kwenye simu anaipesti kwenye programu ambayo haijawekwa kusoma kulia kwenda kushoto, herufi zinaachana, kila moja inasimama peke yake, tena zinaanzia upande wa pili. Disaina hasomi Kiarabu, yeye anaona mapambo mazuri, anachapa kadi 300. Aya imekuwa si aya tena.

Kwenye InDesign kuna mpangilio wa paragrafu unaitwa World-Ready, na Illustrator ina wa kwake wa herufi za kulia kwenda kushoto, uchague huo, na fonti iwe ya Kiarabu kweli. Ukimaliza ikonvati kuwa michoro, hapa nakubaliana na disaina_ubungo mia kwa mia, usithubutu kupeleka aya ikiwa bado maandishi. Na kabla ya kukonvati mpelekee mtu anayesoma. Mimi namwendea mwalimu wa chuo cha Qurani hapa jirani, anaisoma kwa sauti mbele yangu, anagusa kila irabu kwa ncha ya kalamu, akifika mwisho ndiyo nafunga faili. Aya nikishakuwa nayo imehakikiwa naihifadhi faili lake peke yake silichapi upya tena kwa mkono.

bi_kadi

Samahanini nauliza tu, sisi wa Canva tunasalimika vipi? Mimi nafanya kadi za michango na za send off kwa simu.

disaina_ubungo

Dada wa Canva, ukidaunlodi chagua PDF Print usichague PNG wala JPG, halafu tiki pale pa crop marks and bleed, ila kabla ya hapo vuta bakgraundi mpaka ivuke mkato maana hiyo tiki haiongezi rangi ambayo hukuiweka. Rangi ya CMYK ipo kwa wa kulipia tu, ya bure inatoka RGB, kwa hiyo epuka zile bluu na kijani zinazong'aa sana. Na picha ya bwana na bibi harusi iombe itumwe kama dokumenti kama mzee alivyosema.

Kalamu_Mwanza

Wakuu nimerudi. Kwanza ya kwaya: nimekaa na mwenyekiti na yule mama mhazini nikawaeleza ukweli kama mzee alivyonieleza hapa, sikumtupia mtu. Tumekubaliana kurasa za nyimbo 4, jalada na ile karatasi ya katikati zichapwe upya, mimi nalipia karatasi na pleti kutoka kwenye ujira wangu, kiwanda wamekubali kubeba kazi ya mashine na kufungua pini na kupiga upya. Mama ameniletea albamu yake nyumbani, picha 11 za karatasi, moja ina tarehe nyuma kwa kalamu ya bluu, 2001. Nimeziskani zote kwa 600.

Ya kalenda: ni A3 ya ukutani, karatasi 7 na spairo, ule waya wa kufungia, juu. Nimeianza upya kwenye CMYK, 303 kwa 426 na blidi. Nimefungua paneli ya Links nikawa nabonyeza picha moja moja nasoma PPI yake, yaani pikseli kwa inchi, picha ya mwalimu mkuu ina pikseli 800, nimeiweka kwa sentimita 21, inasoma 97. Kesho naenda shuleni kumpiga nyingine. Zilizobaki zote zipo juu ya 220, hizo zitafaa au nizipunguze? Na kwenye Ctrl+D nimekuta fonti moja haina Embedded, nimehangaika nayo saa nzima kumbe ni nafasi tupu moja tu niliyoisahau nje ya ukurasa, imebaki na fonti ya zamani. Nimeifuta.

Fundi_Pleti

Hiyo ya kufuta nafasi tupu umenifurahisha, wengi wangeiacha.

220 kwa kalenda ya ukutani ziache, mtu anaiangalia akiwa amesimama hatua moja au mbili, haishiki mkononi kama kijitabu. Juu kwenye spairo acha milimita 15 tupu, usiweke jina la shule hapo litatobolewa. Tarehe za sikukuu nyekundu weka majenta 100 na njano 100 bila kitu kingine. Kurasa zitume moja moja kwa mfuatano wake, usizipange wewe, kupanga ni kazi yetu. Mwalimu mkuu mpige nje kwenye kivuli, mgongo usiwe kwenye jua.

Halafu omba prufu ya karatasi, usikubali ya simu.

Kalamu_Mwanza

Prufu wamesema itakuwa tayari Alhamisi saa 4 asubuhi, kuna ndugu yangu yupo Dar ataenda kuiangalia kwa niaba yangu. Nimwambie aangalie nini?

Fundi_Pleti

Aitoe nje mlangoni aiangalie kwa mwanga wa mchana, taa za kiwandani zina unjano. Aanze na tarehe, mwezi kwa mwezi, ahesabu siku kwa kidole, Februari na siku ya kwanza ya kila mwezi. Kisha sura ya mwalimu mkuu, kisha kona nne za kila karatasi. Kama wana lenzi ya kuangalia nukta aiombe aweke juu ya namba ndogo nyeusi, aone rangi moja tu. Akiona nyekundu au bluu pembeni ya namba asisaini, anipigie picha aiweke hapa.